Jicho na Dhana: Namna ya Kusoma Maandishi ya Jiolojia ya Afrika Mashariki

Mwaka 1962 jarida la Nature lilichapisha makala fupi mno, ya kurasa mbili tu. Mwandishi wake, J. B. Dawson, alikuwa akiitumikia Idara ya Jiolojia ya Tanganyika. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa juu ya Oldoinyo Lengai, mlima wa volkano unaosimama kusini mwa Ziwa Natron, akaiona lava ikitoka ndani ya kreta na akachukua vipande vya kupeleka maabara. Lava tuliyoizoea kwenye vitabu hubeba silika (dutu kuu ya mchanga) nyingi, karibu nusu ya uzito wake au zaidi. Ile ya Lengai ilikuwa haina silika yoyote ya kutajika. Ilijaa sodiamu, kalsiamu na kaboneti. Kwa maneno ya jikoni, mlima ulikuwa unatapika magadi.

Kwa msomaji wa leo habari hiyo inaweza kuonekana ni ajabu ya dunia tu, ya kusimuliwa kwa watalii. Kwa wanajiolojia wa wakati ule ilikuwa hukumu ya kesi iliyodumu miaka 40. Mwaka 1921 W. C. Brøgger, akichunguza miamba ya Fen huko Norwei, alikuwa amedai kwamba kuna miamba ya kaboneti iliyotokana na magma, yaani iliyopanda kutoka chini ikiwa imeyeyuka, akaiita kabonataiti. Wakubwa wa taaluma hawakukubali. Reginald Daly na S. J. Shand walikuwa na maelezo yao: magma ya kawaida hukutana na mawe ya chokaa njiani, huyameza, na kaboneti unayoiona ni mabaki ya chokaa hiyo. Magma ya kaboneti tupu, walisema wengi, ingehitaji joto kali kupita kiasi. Mwaka 1960 Peter Wyllie na Frank Tuttle wakachapisha majaribio ya maabara yaliyoonyesha kwamba palipo na maji na gesi ya kaboni dioksidi chini ya mgandamizo, kaboneti huyeyuka kwa joto la chini sana kuliko ilivyodhaniwa. Kisha ikaja makala ya Dawson. Kitu kilichosemwa hakiwezekani kilikuwa kinatiririka mbele ya macho ya mtu, tena kwa joto ambalo vipimo vya baadaye vilikuta liko chini ya nyuzi 600 za Selsiasi, takriban nusu ya joto la lava ya basalti.

Nimeanza na mlima huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wanafunzi wetu wa jiografia na jiolojia mara nyingi hawafundishwi: maandishi ya jiolojia hayasomwi kama maandishi ya fizikia au ya tiba. Daktari akishika kitabu cha dawa cha mwaka 1914 ni hatari kwa mgonjwa. Mwanajiolojia anayekwenda Lengai leo bado ana sababu nzuri ya kusoma alichoandika Hans Reck kuhusu mlima huo mwaka huohuo wa 1914, na alichoona Carl Uhlig aliyefika huko mwaka 1904. Mlima ule umebadilika sura mara nyingi tangu wakati wao. Mlipuko wa 2007 na 2008 peke yake uliifumua kreta yote. Hakuna awezaye kurudi kuiona kreta ya 1904. Macho ya waliokuwapo ndiyo pekee tuliyo nayo, hata kama maelezo yao kuhusu asili ya ule weupe wa kileleni hayana uzito tena. Weupe huo, tunajua sasa, ni lava yenyewe: hutoka nyeusi au kahawia, ikigusana na unyevu wa hewa hubadilika kuwa nyeupe kwa muda mfupi.

Basi ukishika andiko lolote la jiolojia, jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo mwandishi amevichanganya katika aya moja: alichokiona na alichokidhani. Alichokiona, kama aliona vizuri na akaandika pahali, kipimo na tarehe, hudumu. Alichokidhani hufuata fikra za zama zake, na zama hupita.

Hakuna mfano ulio wazi zaidi ya Bonde la Ufa. Mwaka 1891 Eduard Suess wa Vienna, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikusanya taarifa za msafara wa Teleki na von Höhnel uliopita Kenya ya leo mwaka 1887 na 1888, akaandika kwamba mabonde yale marefu yenye kingo wima ni alama ya ganda la dunia kuvutwa pande mbili na kupasuka. J. W. Gregory akaja mwenyewe mwaka 1893, akatembea hadi Baringo na watu waliombebea vyombo na kumwonyesha njia, akachapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1896 na kingine, kipana zaidi, mwaka 1921. Naye alisema: ni kuvutwa, na sakafu ya bonde ni kipande kilichodidimia kati ya mipasuko miwili.

Halafu hoja ikageuka. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda iliyokuwa Entebbe, alitazama upande wa Ziwa Albert akaona dalili za kinyume: kingo zilikuwa zimesukumwa kuelekeana, na sakafu ikabanwa chini. Mwaka 1936 Bailey Willis wa Marekani akaandika kitabu kizima kuunga mkono mgandamizo. Mwaka huohuo Edward Bullard akachapisha vipimo vyake vya nguvu ya uvutano katika Afrika Mashariki. Alikuwa amepita nchi hizi na pendulumu zake, akapima kituo baada ya kituo, akakuta kwamba juu ya mabonde nguvu ya uvutano iko chini ya kiwango kinachotarajiwa. Maana yake ni kwamba chini ya bonde kuna vitu vyepesi kuliko ilivyotegemewa. Bullard akafasiri: kipande hiki chepesi kingetaka kuinuka, lakini kimeshikiliwa chini na kingo zilizopanda juu yake. Kwa hiyo ni mgandamizo.

Leo hakuna mtaalamu anayetetea mgandamizo. Uchunguzi wa mitetemo uliofanyika Kenya katika miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha ganda la dunia limekonda kutoka kilomita 35 hivi maeneo ya Naivasha hadi karibu 20 chini ya Turkana, na ganda hukonda likivutwa, siyo likibanwa. Vituo vya setilaiti vinaonyesha bamba la Somalia likijitenga na lile la magharibi kwa milimita chache kila mwaka. Gregory alikuwa sahihi kwa jumla. Lakini namba za Bullard hazikutupwa. Upungufu ule wa uvutano upo palepale alipoupima. Kilichobadilika ni sababu yake, ambayo sasa tunaieleza kwa mashapo mepesi yaliyojaza mabonde na, kwa kina zaidi, miamba yenye joto chini ya bara. Mtu anayesoma makala ya 1936 akaitupa yote kwa kuwa hitimisho ni kosa, amepoteza vipimo vizuri. Anayeisoma akaikubali yote kwa kuwa vipimo ni vizuri, amepotea zaidi.

Sasa, andiko lenyewe huja kwa sura nyingi, na kila sura ina kazi yake. La kwanza kwa umuhimu halina hata aya: ni ramani. Tangu William Smith alipotoa ramani yake kubwa ya rangi ya Uingereza mwaka 1815, ramani imebaki ndiyo muhtasari wa kila kitu anachokijua mwanajiolojia kuhusu pahali. Katika Tanzania nchi nzima imegawanywa katika vipande vya nusu digrii kwa nusu digrii, yaani takriban kilomita 55 kila upande, na kila kipande kina namba yake na jina lake. Wachimbaji na makampuni hukiita kwa kifupi cha Kiingereza, QDS (quarter degree sheet, yaani robo ya mraba wa digrii moja), na ukienda Dodoma kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ndilo neno utakaloulizwa: unataka QDS namba ngapi? Ramani za zamani zilichorwa kwa kipimo cha 1:125,000, za karibuni kwa 1:100,000.

Watu wengi hufungua ramani ya jiolojia na kutazama rangi. Rangi ni muhimu, lakini kitu cha kwanza cha kutazama ni mistari inayotenganisha rangi hizo. Mstari usiokatika una maana kwamba mchoraji, au mtu aliyemtangulia, aliufuata mpaka wa miamba miwili porini na ana hakika nao. Mstari wa vipande vipande una maana kwamba mpaka umekadiriwa: labda ulionekana mtoni na ukaonekana tena mlimani, na katikati kuna shamba la mtu au kichaka, basi akaunganisha. Mara nyingine utaona alama ya kuuliza kando ya mstari. Hiyo ni heshima kubwa kwa msomaji. Mchoraji anakuambia pahali ambapo jicho lake liliishia na akili yake ikaendelea. Nimeona mijadala mikali ya mipaka ya leseni iliyojengwa juu ya mstari wa vipande vipande, watu wakibishana kana kwamba mwamba wenyewe umetia saini.

Kisha utafute alama ndogo za mwinamo: kijistari chenye kijiti pembeni na namba. Namba hiyo ni pembe ambayo tabaka limelala kutoka usawa, na kijiti kinaonyesha linaelekea wapi. Palipo na alama nyingi, mtu alisimama na kupima. Eneo kubwa lenye rangi moja na bila alama hata moja ni eneo ambalo pengine hakuna aliyelitembea. Limepakwa rangi kutokana na picha za ndege au kwa kufuata majirani. Chini ya ramani huwa kuna mchoro wa mkato, unaoonyesha ardhi kama imekatwa kwa kisu. Mchoro huo unapendeza na husaidia sana kuelewa, lakini sehemu yake kubwa ni dhana. Hakuna aliyekwenda kilomita mbili chini kutazama.

Ramani nzuri huambatana na ripoti. Katika hili Kenya ilifanya kazi kubwa, kwa sababu idara yake ya madini na jiolojia ilichapisha mfululizo mrefu wa ripoti zenye namba, kila moja ikieleza eneo moja. Ripoti namba 24, ya P. V. Caswell, ilitoka mwaka 1953 na inahusu eneo la Mombasa na Kwale. Mtu wa pwani akiisoma atashangaa jinsi anavyojua majina yote. Tabaka la chini kabisa la mfululizo wa miamba ya Duruma limeitwa kwa jina la Taru. Juu yake kuna tabaka za Maji ya Chumvi, kisha Mariakani, kisha Mazeras. Ukitoka baharini kwa barabara ya Nairobi unazipita kinyume, kutoka changa kwenda kongwe, na mabango ya vituo vya basi yanakusomea historia ya miaka zaidi ya milioni 50, kutoka zama za Pemiani hadi mwanzo wa Jurasiki.

Majina hayo hayakutolewa kwa mapenzi. Kanuni ya taaluma ni kwamba tabaka hupewa jina la mahali linapoonekana vizuri, na mwandishi lazima aeleze mahali hapo: mto gani, mkato gani wa reli, unene kiasi gani, chini yake kuna nini na juu yake kuna nini. Mahali hapo panakuwa rejea. Mtu akibisha kesho kwamba mwamba wa kijiji fulani kule Kilifi siyo wa Mazeras, halazimiki kubishana na kitabu. Anaweza kwenda Mazeras akalinganisha. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika maandishi ya taaluma hii: rejea yake ya mwisho iko nje ya karatasi, na iko wazi kwa yeyote mwenye miguu na nyundo.

Na ripoti hizi hazikuandikwa kwa ajili ya kabati za vyuo. Kaunti ya Kwale ina maeneo makavu, na wafadhili wamechimba visima vingi huko. Miamba ya Duruma inajulikana kwa kutoa maji yenye chumvi. Tabaka za Maji ya Chumvi hazikupata jina lake bure. Anayetaka kuchimba kisima Kinango angefaa kwanza ajue anasimama juu ya tabaka gani, na hilo limekuwa limeandikwa na kuchorwa kwa zaidi ya miaka 70. Fedha zilizozikwa katika visima visivyonyweka kwa kukosa kusoma ramani ni fedha za watu waliokuwa na kiu.

Makala za majarida ni jambo jingine. Hizi hupitiwa na wanataaluma wengine kabla ya kuchapishwa, huwa fupi, na hubeba hoja moja. Usizitafute kwa ajili ya picha nzima ya eneo. Zitafute kwa namba mpya au hoja mpya. Hatari yake ni kwamba namba hubadilika bila mwamba kubadilika. Mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walichapisha umri wa Tabaka la I la Olduvai kwa njia ya potasiamu na argoni: miaka milioni 1.75. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ulimwengu kupata umri wa namna hiyo kwa mahali palipotoka mabaki ya binadamu wa kale, na wengi hawakuamini, kwa maana Pleistosini, zama za barafu zilizotangulia zama zetu, yote ilikuwa ikikadiriwa kuwa na miaka milioni moja tu au chini ya hapo. Lakini mwaka 1977 wataalamu walikubaliana, katika mapatano yaliyoandikwa na Steiger na Jäger, kutumia kasi mpya za kuoza kwa elementi zinazotumika kupima umri. Kwa hiyo umri mwingi wa potasiamu na argoni uliochapishwa kabla ya hapo unahitaji kuongezwa karibu asilimia 2.7. Ile milioni 1.75 inakuwa karibu 1.8 hata kabla hujapima kipande kipya. Mwanafunzi anayeweka umri wa 1961 na wa 2001 katika jedwali moja bila kufanya marekebisho hayo analinganisha saa mbili zilizowekwa tofauti.

Olduvai hiyohiyo imeingia katika rejea za dunia kwa mlango mwingine. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walipima sumaku iliyogandia ndani ya lava ya basalti iliyo chini ya bonde lile, wakakuta inaelekea kaskazini kama dira ya leo, ingawa ni ya kipindi ambacho kwa jumla sumaku ya dunia ilikuwa imegeuka. Kipindi hicho kifupi, kutoka miaka milioni 1.95 hadi 1.78 hivi iliyopita, sasa kinaitwa Olduvai, na wachunguzi wa mashapo ya sakafu ya Atlantiki na wa udongo wa China hulitumia jina hilo kila siku. Hay aliendelea na kazi akachapisha mwaka 1976 kitabu cha jiolojia ya bonde lote, tabaka kwa tabaka. Kuna kazi nyingi mpya tangu hapo, zenye umri sahihi zaidi, lakini bado hakuna anayechimba Olduvai bila kukifungua.

Nikifika kwenye vitabu vya rejea vya jumla nitakwenda haraka, kwa sababu hapa wasomaji hawahitaji kushawishiwa. Kitabu cha Arthur Holmes cha misingi ya jiolojia kilitoka mwaka 1944, na sura yake ya mwisho ilitetea kuhama kwa mabara wakati wataalamu wengi wakubwa walikataa. Holmes huyo aliwahi kufanya kazi Msumbiji mwaka 1911 na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupima umri wa miamba kwa urani na risasi. Kwa eneo letu, Thomas Schlüter aliandika kitabu cha jiolojia ya Afrika Mashariki mwaka 1997 na atlasi ya jiolojia ya Afrika mwaka 2006, nchi baada ya nchi, na kwa anayeanza sijui mlango mwepesi zaidi. Dawson mwenyewe, baada ya maisha mazima juu ya volkano za kaskazini mwa Tanzania, alizikusanya zote katika kitabu kilichochapishwa na Jumuiya ya Jiolojia ya London mwaka 2008.

Lakini kuna rejea mbili ambazo siyo vitabu na ambazo zina mamlaka kuliko vitabu. Ya kwanza ni jedwali la nyakati za dunia linalotolewa na tume ya kimataifa ya mpangilio wa matabaka. Kila mpaka wa zama unalengwa kuwekewa alama katika mwamba mmoja halisi mahali fulani duniani. Wa kwanza ulikubaliwa mwaka 1972, kule Klonk katika nchi inayoitwa Cheki leo, kwa ajili ya mwanzo wa Devoni. Jedwali hili hurekebishwa, na marekebisho hayo huwanasa wasomaji. Hadi 2009 Pleistosini ilihesabiwa kuanza miaka milioni 1.8 iliyopita. Mwaka huo ilirudishwa nyuma hadi milioni 2.58. Kwa hiyo ripoti ya 1985 ikisema mwamba wa miaka milioni 2.2 ni wa Pliosini, na makala ya 2015 ikisema ni wa Pleistosini, hakuna aliyekosea na hakuna mzozo. Tazama mwaka wa kuchapishwa kabla ya kutafuta ugomvi. Na mwaka 2024 pendekezo la kuongeza zama mpya ya binadamu lilipigiwa kura likakataliwa, ingawa magazeti yalikwisha kuitumia kwa miaka mingi kana kwamba imepita.

Ya pili ni orodha ya madini ya jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa madini, iliyoundwa mwaka 1958. Hakuna madini mapya yanayokubalika rasmi bila kupita hapo na uthibitisho wa kemia na mpangilio wa atomi zake. Humo utaikuta nyerereiti, kaboneti ya sodiamu na kalsiamu iliyopatikana katika lava ya Lengai na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na mwenzake gregoriiti, kwa jina la Gregory wa Bonde la Ufa. Tanzanite hutaikuta ikiwa madini ya kujitegemea. Jiwe lile la Mererani lililojulikana mwaka 1967 ni zoisaiti ya rangi ya bluu na zambarau, na jina tunalolijua lilitolewa na wauzaji wa vito wa New York ili liuzike. Hilo halipunguzi thamani yake hata shilingi moja, ila linaeleza kwa nini mchimbaji wa Mererani akitafuta ripoti za kitaalamu kuhusu miamba inayobeba jiwe lake atapata chache kwa jina la tanzanite na nyingi zaidi kwa zoisaiti, grafaiti na miamba ya Lelatema.

Utafutaji wenyewe una ugumu wa majina. Bonde la Olduvai limeandikwa Oldoway na Wajerumani, na siku hizi wengi huandika Oldupai. Lengai ni Oldoinyo Lengai, Ol Doinyo Lengai, na pia Oldonyo L'Engai kwa waliotangulia. Ukitafuta kwa tahajia moja umefunga nusu ya maktaba. Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya Tanzania bara ya kabla ya 1914 iko kwa Kijerumani, na cha Kongo, Rwanda na Burundi cha wakati wa Wabelgiji kiko kwa Kifaransa, sehemu kubwa ikihifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren nje ya Brussels. Inauma kwamba mzee wa Kigoma hawezi kusoma kilichoandikwa kuhusu ardhi ya kijiji chake ila kwa lugha ambayo hakuwahi kufundishwa. Ni kazi ya kizazi chetu kuandika ripoti hizi upya kwa Kiswahili, siyo kwa kufupisha, bali kwa kurudi porini na kutazama tena.

Maandishi hayo pia yamekuwa na deni la majina ya watu. Kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 mamia ya wenyeji walichimba na kubeba mifupa ya dinosaria iliyokwenda Berlin, na aliyewasimamia kwa ustadi uliosifiwa na Wajerumani wenyewe alikuwa Boheti bin Amrani. Werner Janensch aliielezea mifupa hiyo kwa miongo mingi. Dinosaria mkubwa zaidi aliyesimamishwa Berlin aliitwa na Janensch kwa jina la Brachiosaurus, jenasi iliyopatikana Marekani, na sasa wengi wamemtenga kwa jina la Giraffatitan. Mifupa ni ileile, dhana ya ukoo wake ndiyo iliyobadilika. Na mwaka 2007, mtafiti aliyekuwa akipitia pingili mbili za shingo zilizokaa kwenye rafu za Berlin karibu karne nzima aliona si za mnyama yeyote aliyekwisha kuelezwa. Akamwita Australodocus bohetii.

Kwa anayetaka kuanza na kipande cha ardhi anachokijua, njia fupi ni hii. Tafuta kwanza namba ya ramani ya eneo lako, kwa GST Dodoma, au kwa idara ya jiolojia iliyoko Madini House Nairobi, au Entebbe kwa Uganda. Soma ufunguo wa ramani kabla ya ramani. Soma ripoti yake, ukipigia mstari vitenzi: "nilikuta", "nilipima" na "inaonekana", "huenda" ni watu wawili tofauti ndani ya mwandishi mmoja. Hapo ndipo uingie kwenye majarida kutafuta kama kuna umri mpya au hoja mpya. Ukiambiwa kipande chako hakijachapishwa, uliza ripoti ambazo hazijachapishwa. Wenye leseni za utafiti wa madini hutakiwa kuwasilisha serikalini walichokikuta, na makampuni yaliyokuja, yakatoboa mashimo, yakakosa dhahabu na kuondoka, yameacha huko kumbukumbu za miamba iliyotoka kila mita ya shimo. Kwao zilikuwa karatasi za hasara. Kwa mchimba kisima, mjenzi wa daraja au mchimbaji mdogo mwenye duara (shimo la kuchimbia) lake jirani, huenda ndiyo maandishi yenye faida kuliko yote yaliyomo katika jengo lile.